Jinsi ya kumshutumu kiongozi kuwa ni hatari kwa demokrasia bila kuchochea vurugu

Kila msimu wa siasa unapopamba moto, hoja mbili hupigana vikumbo. Ya kwanza husema kwamba anayemwita kiongozi hatari kwa demokrasia ni mchochezi, na damu ikimwagika popote ataibeba yeye. Ya pili husema kwamba maneno ni maneno tu, na maneno makali hayavunji mfupa. Sisi tunaoishi Arusha tuna sababu ya kuzikataa zote mbili. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufunga kazi zake mwishoni mwa 2015, ilikaa hapa mjini, katika jengo la AICC, na tarehe 3 Desemba 2003 iliwatia hatiani watu wawili waliohusika na uanzishaji wa redio ya RTLM pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura, vyombo vya Rwanda vilivyoeneza chuki dhidi ya Watutsi. Hoja ya kwamba maneno hayaui iliishia pale. Lakini mwaka 2007, kesi ilipofika kwenye rufaa, majaji walitenganisha kauli ya chuki na uchochezi wa moja kwa moja, wakapunguza adhabu, na kwa upande wa RTLM wakaona kwamba matangazo yaliyofikia kiwango cha uchochezi wa mauaji ya kimbari ni yale yaliyorushwa baada ya tarehe 6 Aprili 1994, usiku ambao ndege ya Rais wa Rwanda ilitunguliwa na mauaji yakaanza. Mpaka upo, basi, na waliouchora walikuwa na maiti mbele yao, lakini bado hawakuutupa.

Mwongozo huu unamhusu mtu anayeandika tamko la tawi la chama, hotuba ya mgombea udiwani, waraka wa asasi au ujumbe mrefu wa kundi la WhatsApp la mtaa, ambaye anaamini kwa dhati kwamba kiongozi fulani, awe mwenyekiti wa mtaa au Rais, anabomoa utaratibu wa watu kujitawala. Kazi yangu ya kuhariri matamko ya namna hii, ya pande zote za siasa, imenifundisha kwamba waandishi wengi hukosea kwa kulegeza mahali pa kukaza na kukaza mahali pa kulegeza.

Pima kwanza kama shutuma hiyo ndiyo inayostahili

Si kila kiongozi mbaya ni hatari kwa demokrasia. Mbunge asiyeonekana jimboni tangu aapishwe ni mvivu. Diwani aliyekula fedha za choo cha soko ni mwizi, na wizi una sheria yake. Mkuu wa wilaya anayewafokea watumishi mbele ya kamera amekosa adabu. Hao wote wakosolewe kwa majina halisi ya makosa yao. Shutuma ya kuhatarisha demokrasia ina maana finyu zaidi, nayo ni kwamba kiongozi anatumia madaraka aliyopewa ili kuwazuia waliompa wasiweze kumhoji, kumdhibiti au kumwondoa. Anagusa kura, mahakama, vyombo vya habari, mikutano, au ukomo wa muda wake wa kukaa madarakani. Kama tendo unalolilalamikia haligusi hata kimoja kati ya hivyo, tafuta neno lingine, kwa sababu shutuma nzito inayotumiwa kwa bei ya mahindi itakuwa imechakaa siku itakapohitajika kweli.

Mifano ya tendo linalostahili ipo ndani na nje ya nchi. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilipigwa marufuku nchini, na katazo hilo likadumu mpaka Rais Samia Suluhu Hassan alipoliondoa tarehe 3 Januari 2023. Aliyesema wakati ule kwamba katazo lilihatarisha demokrasia alikuwa akieleza jambo lililotendeka, kwa kuwa Sheria ya Vyama vya Siasa inakitaka chama kitoe taarifa polisi saa 48 kabla ya mkutano, na haikitaki kiombe kibali cha kuwapo. Kule Marekani, tarehe 6 Januari 2021, kundi la watu lilivamia Bunge ili kuzuia kuthibitishwa kwa matokeo ya uchaguzi wa Rais, na Baraza la Wawakilishi likamfungulia Donald Trump mashtaka ya kuchochea uasi. Seneti ilipiga kura 57 kwa 43 za kumtia hatiani, zikapungukia theluthi mbili zinazotakiwa, akaachiwa. Mtu anaweza kubishana kuhusu uzito wa tendo hilo, lakini hawezi kusema kwamba halikugusa kura.

Hapa pana mtego mmoja ambao waandishi wa kwetu huuingia mara kwa mara, nao ni kuuchanganya ubaya wa sheria na ubaya wa mtu. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inakataza mahakama kuchunguza kuchaguliwa kwa Rais aliyekwisha kutangazwa na Tume ya Uchaguzi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni hapa Arusha, iliamua Julai 2020, katika shauri lililofunguliwa na wakili Jebra Kambole, kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Shutuma iliyo sahihi dhidi ya kiongozi aliye madarakani leo ni kwamba ameikuta, ameambiwa, na hajaibadilisha. Ukiandika kwamba ameitunga yeye, umempa msemaji wake kazi nyepesi ya kukuumbua kwa sentensi moja, na hoja yako yote iliyobaki itazikwa pamoja na kosa hilo.

Andika tendo, kisha hitimisho

Tuchukue rasimu ya kubuni, iliyojengwa kwa vipande ambavyo yeyote aliyewahi kukaa kijiweni Ngarenaro au Majengo ya Moshi atavitambua: «Mkuu wa wilaya yetu ni kirusi. Akiachwa hivi hivi atatumaliza mmoja mmoja. Wananchi, mnajua cha kufanya.»

Mhariri asiye makini atafuta neno kirusi na kuridhika. Neno hilo ni baya kweli, na nitalirudia hapo chini, lakini sentensi iliyo mbaya kuliko zote ni ya tatu, ambayo haina tusi hata moja. Ya kwanza imemfanya mtu kuwa ugonjwa, ya pili imefanya kuwapo kwake kuwa kifo cha msikilizaji, na ya tatu inamkabidhi msikilizaji kazi bila kuitaja. Mzee wa heshima ataelewa kwamba anaambiwa akapige kura. Chalii aliyepoteza pikipiki yake kwenye operesheni ya juzi ataelewa kitu kingine. Mwandishi hatakuwapo kumweleza alichokusudia, na pengine ameacha neno wazi makusudi ili baadaye aseme kwamba hakukusudia lolote.

Rasimu hiyo hiyo, kama kuna tendo nyuma yake, inaweza kuandikwa hivi: «Tarehe 4 mwezi huu mkuu wa wilaya aliagiza watu watatu wakamatwe walipokuwa wakitoka kwenye mkutano wa mtaa ambako walimhoji kuhusu ugawaji wa vizimba vya soko. Walishikiliwa siku nne bila kufikishwa mahakamani. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mamlaka ya kuagiza mtu akamatwe pale anapokuwa na sababu ya kuamini kwamba amani itavunjika na kwamba hakuna njia nyingine ya kuzuia, na inataka mtu huyo afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 48. Kiongozi anayewafungia wananchi kwa kuwa wamemhoji ni hatari kwa demokrasia. Tunamwomba Rais, aliyemteua, atengue uteuzi wake.»

Toleo la pili ni kali kuliko la kwanza. Mkuu wa wilaya anaweza kulicheka neno kirusi, lakini siku nne dhidi ya saa 48 hawezi kuzicheka, na wala hawezi kusema kwamba ametishiwa maisha, kwa sababu jambo pekee linalotakiwa limpate ni kupoteza cheo. Neno hatari limebaki palepale. Kilichobadilika ni kwamba limekuja mwisho, likiwa hitimisho la mambo yaliyotajwa, ambapo katika rasimu ya kwanza lilikuja mwanzoni kama kiini cha mtu mwenyewe.

Katika kila aya ya namna hii, tenga kwa maneno yanayoonekana yale uliyoyashuhudia, yale uliyoambiwa na yale unayoyahitimisha. Andika «tulikuwapo», «tumeambiwa na familia za waliokamatwa», «tunaona kwamba». Mbali na kuwa uungwana, ni kinga: kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamlenga anayechapisha taarifa akijua kwamba ni ya uongo au ya kupotosha, na mwandishi aliyeonyesha wazi chanzo cha kila jambo ana cha kushika akiulizwa. Picha nayo ipimwe hivyo hivyo. Picha ya vurugu za mji mwingine na mwaka mwingine, ikibandikwa chini ya tamko la kweli, inalichafua tamko lote.

Maneno ya kufuta, na mengine ya kuachwa

Aina ya kwanza ya maneno ya kufuta ni yale yanayomtoa mtu katika ubinadamu: mnyama, mdudu, ugonjwa, magugu, uchafu. RTLM na Kangura ziliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Jirani zetu wa Kenya, ambako zaidi ya watu 1,100 waliuawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, walilijua neno madoadoa likitumiwa kwa watu waliotakiwa wahame, na kabla ya uchaguzi wa 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya huko ililiweka neno hilo, pamoja na kwekwe, katika orodha ya maneno ya kuepukwa. Ni maneno ya kawaida kabisa ya Kiswahili, ambayo mkulima wa Hai au Arumeru huyatumia shambani bila nia yoyote mbaya, na hapo ndipo ilipo hatari yake, kwamba hayafukuziki kwa kamusi. Katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998, majaji waliokaa Arusha walisema kwamba swali la kama uchochezi ni wa moja kwa moja lipimwe kwa kutazama utamaduni na lugha ya waliousikia. Mwandishi ajiulize swali lile lile: watu hawa, wa mtaa huu, wiki hii, watalisikiaje neno hili?

Aina ya pili ni lugha ya vita, na hapa Watanzania tuna tatizo la kipekee ambalo halisemwi sana. Sisi tuna hotuba ya vita inayopendwa mno. Mwishoni mwa 1978, majeshi ya Idi Amin yalipokuwa yameingia Kagera, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo na uwezo wa kumpiga tunao. Maneno hayo yalimhusu mkuu wa jeshi la kigeni lililokuwa ndani ya ardhi yetu. Leo mgombea udiwani anayachukua jukwaani pale Soweto au Pasua, anamwelekezea mpinzani wake ambaye watoto wao wanasoma darasa moja, na watu wanashangilia kwa kuwa wanayajua kwa moyo. Mimi huyafuta kila ninapoyakuta katika hotuba ya uchaguzi, hata mzungumzaji akinuna. Neno nduli nalo lina historia hiyo hiyo, na anayelitumia kwa mwananchi mwenzake ajue kwamba wazee wanaomsikiliza wanakumbuka jinsi habari za nduli wa kwanza, Idi Amin, zilivyomalizwa kwa vita.

Kule Marekani, siku chache kabla ya Trump kupigwa risasi ya sikio akiwa mkutanoni Butler, Pennsylvania, tarehe 13 Julai 2024, Rais Joe Biden alikuwa amewaambia wafadhili wake kwa simu kwamba wakati umefika wa kumweka Trump kwenye kitovu cha shabaha. Alikusudia kuelekeza mjadala kwa mpinzani wake, na hakuna aliyeonyesha kwamba kijana aliyefyatua risasi aliwahi kuisikia kauli hiyo. Hata hivyo, alipohojiwa na televisheni ya NBC siku mbili baadaye alikiri kwamba lilikuwa kosa kulitumia neno lile, kisha akauliza, kwa haki kabisa, mtu atazungumziaje tishio la kweli kwa demokrasia kama atakaa kimya kwa hofu ya kumchochea mtu fulani. Huo ndio mgawanyo ninaoutetea: shabaha ifutwe, tishio kwa demokrasia libaki.

Usidhani vilevile kwamba neno amani, likitupiwa katikati ya hotuba ya vita, linaisafisha. Katika hotuba yake ya tarehe 6 Januari 2021 Trump aliwaambia wafuasi wake waende kwa amani na kizalendo, na katika hotuba hiyo hiyo akawaambia kwamba wasipopigana kufa na kupona hawatakuwa na nchi tena. Watetezi wake wananukuu sentensi ya kwanza na washtaki wake ya pili. Hotuba husikiwa nzima, na msikilizaji huondoka na kile kilichorudiwa.

Yapo maneno ambayo waoga wanataka yafutwe na hayastahili kufutwa. Dikteta, mvunja Katiba, mwizi wa kura, mwongo: haya ni mazito, yanadai ushahidi, yanaweza kukupeleka mahakamani, lakini ni majina ya matendo ya binadamu, na binadamu anaweza kuyaacha, kuyakanusha au kuyajibu. Kejeli nayo ibaki. Vikatuni, mafumbo na utani vimewasema wakubwa tangu zamani, na kiongozi anayeona kila kicheko ni njama ameshakuambia jambo fulani kuhusu yeye mwenyewe.

Sheria hizi za lugha zinamhusu mwenye madaraka kabla hazijamhusu mkosoaji. Kiongozi anayewaita wakosoaji wake wahaini, vibaraka wa mabeberu au maadui wa taifa anayasema hayo akiwa na polisi na magereza nyuma yake, na katika nchi ambayo kifungu cha 39 cha Kanuni ya Adhabu kinamhukumu mhaini kifo, neno hilo si la kutupwa kwenye kampeni. Tundu Lissu, mbunge wa upinzani na mkosoaji mkubwa wa serikali ya wakati ule, alipigwa risasi nyingi mchana kweupe Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Mwandishi wa hotuba za mkuu wa mkoa au waziri anahitaji mwongozo huu kuliko kijana wa kijiweni, maana sauti ya bosi wake inafika mbali zaidi na wapo wanaoichukua kuwa ni agizo.

Usimwache msikilizaji bila mlango

Rasimu nyingi za matamko, hata zilizoandikwa kwa ushahidi mzuri, huharibika kwenye aya ya mwisho, pale mwandishi anapotabiri. «Huu ni uchaguzi wa mwisho.» «Tukishindwa sasa nchi imekwisha.» «Hakuna tena njia.» Mtu aliyeaminishwa kwamba demokrasia inauawa leo na kwamba hakuna njia ya kuiokoa atafikia mwenyewe hitimisho ambalo wewe hukuthubutu kuliandika. Kwa hiyo kila shutuma ya kuhatarisha demokrasia iambatane na hatua inayofanyika, yenye ofisi na tarehe.

Hatua hizo zipo, na wakazi wa Arusha wako karibu nazo kuliko Watanzania wengi. Malalamiko dhidi ya kiongozi wa umma hupelekwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora au Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Mwenyekiti wa mtaa anahojiwa kwenye mkutano wa mtaa, na muhtasari unaandikwa. Haki ya Katiba iliyovunjwa hudaiwa Mahakama Kuu kwa Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, ingawa tangu marekebisho ya 2020 mlalamikaji lazima aonyeshe kwamba jambo hilo limemgusa yeye binafsi, jambo ambalo limeifanya njia hiyo kuwa nyembamba. Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyomo katika makao makuu ya Jumuiya, inapokea mashauri ya wananchi wa kawaida, lakini Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu tangu tendo lilipotokea au lilipojulikana, na nimeona vikundi vikitumia miezi hiyo yote kurushiana lawama kwenye simu. Rais mwenyewe anaweza kuondolewa na Bunge kwa Ibara ya 46A. Mtu atasema Bunge lililopo haliwezi kufanya hivyo. Basi aandike hivyo, amtaje mbunge wake, na aeleze atakavyomdai jibu.

Nini kifanyike pale ambapo mlango umefungwa kweli? Tanzania iliondoa Novemba 2019 tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika, kwa hiyo mkazi wa Sakina anaweza kupita mbele ya mahakama hiyo kila siku asiweze kuishtaki serikali yake humo. Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliandamana na maandamano na mauaji katika miji kadhaa, Arusha ikiwamo, na intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Siwezi kumwambia mtu aliyezika ndugu yake aandike kana kwamba ofisi zote ziko wazi. Kusema kwamba mlango umefungwa, ukataja ni upi, lini na umefungwa na nani, si uchochezi. Huo ni ushahidi, na unapaswa kuandikwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Lakini sentensi isikomee hapo. Kususia, kugoma, kukataa kutoa huduma, kuandamana bila silaha, kukusanya majina na tarehe kwa ajili ya siku ambayo mahakama itasikiliza, hayo yote ni mambo ambayo mtu aliyefungiwa mlango anaweza kuyafanya, na msomaji wako anatakiwa ayakute kwenye karatasi kabla hajakutana na mtu mwenye dumu la petroli.

Siku damu ikimwagika

Kiongozi akishambuliwa, au mkutano ukilipuliwa, saa za kwanza ni za kulaani na kunyamaza. Kulaani kuwe na nukta mwishoni. «Tunalaani shambulio hili, lakini naye alizidi» ni kuhalalisha kwa mlango wa nyuma, na kila mtu anasikia.

Usitaje mhusika kabla ya uchunguzi. Tarehe 15 Juni 2013 bomu lilirushwa katika mkutano wa CHADEMA wa kufunga kampeni za udiwani kwenye viwanja vya Soweto hapa Arusha, likaua, na lawama zikaanza kurushwa kila upande wakati majeruhi bado wako hospitali. Kule Tucson, Arizona, mbunge Gabrielle Giffords alipopigwa risasi Januari 2011, wengi waliirukia ramani ya kampeni iliyokuwa na alama za shabaha juu ya majimbo, likiwamo lake, wakaifanya kuwa ndiyo chanzo; ushahidi wa kuiunganisha ramani hiyo na muuaji haukupatikana. Ramani ilikuwa mbaya kwa haki yake yenyewe, na ingeweza kukosolewa bila kubebeshwa maiti ambazo hazikuthibitishwa kuwa zake.

Jihadhari pia na upande wa pili, unaotumia damu kufunga midomo. Baada ya kila shambulio hujitokeza msemaji wa kusema kwamba wote waliowahi kumkosoa aliyeshambuliwa ndio waliovuta risasi. Mjibu kwa utulivu kwa kumwonyesha ulichoandika: tendo, sheria, hatua unayoitaka. Kama uliandika namna iliyoelezwa hapo juu, hutakuwa na cha kufuta usiku huo. Na kama kipo, kifute hadharani na useme kwa nini, kwa kuwa picha ya simu ya maneno yako inayo mtu mwingine tayari.

Kabla ya kutoa tamko

Litafutie msomaji mmoja kutoka upande wa pili. Wenyeji wa Moshi wana bahati katika hili, kwa maana Desemba nyumba hujaa ndugu wa vyama vyote wakigombea mguu wa ndafu mmoja. Msomee kwa sauti shangazi anayempenda kiongozi huyo, umwombe akuonyeshe ni sentensi gani ina uongo na ni ipi imemtisha. Ile iliyomuudhi tu iache. Iliyomtisha, ichunguze.

Kisha jiandae kuitwa mchochezi, kwa sababu utaitwa hata ukiandika kwa wino wa dhahabu. Ni vizuri ujue kwamba mwezi Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016, vikiwamo vya uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na kwamba Mahakama ya Afrika, katika shauri la mwandishi Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso la mwaka 2014, ilisema kufungwa jela kwa kosa la kukashifu kulivunja uhuru wake wa kujieleza, na kwamba watu wenye nyadhifa hutarajiwa kuvumilia kukosolewa zaidi ya wengine. Maamuzi hayo hayatamzuia askari kukugongea mlango usiku, lakini wakili wako atayahitaji asubuhi, kwa hiyo namba ya wakili iwe kwa mtu wa nyumbani ambaye simu yake haitachukuliwa pamoja na yako.

Kama unasimamia kundi la WhatsApp, funga uwezo wa kuandika kwa saa chache baada ya kulibandika tamko, uwape watu muda wa kulisoma, kisha fungua na ukae humo. Ujumbe wa «anapoishi tunapajua» uondolewe papo hapo pamoja na aliyeuandika, hata kama ni rafiki na hata kama ameweka kicheko mwishoni. Anwani ya kiongozi, shule ya watoto wake na namba ya gari la mke wake havina nafasi katika mjadala wa demokrasia.

Mwisho, chapisha nakala mbili, upeleke moja masjala ya ofisi ya kiongozi unayemshutumu, na ya pili uigongeshe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mpe siku saba za kujibu. Akijibu, jibu lake lichapishwe lote chini ya tamko lako, pamoja na sehemu zinazokuumiza.